Bundi kwenye taruma

Nilimkuta saa kumi na mbili na robo asubuhi, amelala kifudifudi kati ya mataruma mawili ya njia ya reli, bawa moja limetanda juu ya kokoto. Bundi mweupe, yule mwenye uso wa umbo la moyo. Nilimgeuza taratibu kwa kijiti. Hakuwa na tone la damu. Nilishika bawa lake nikalielekeza kwenye mwanga: ukingo wa mbele wa unyoya wa nje una vijimeno laini kama vya kitana, na ndivyo vinavyokata upepo vipande vipande hadi ndege mwenye mabawa ya karibu mita moja akapita kichwani pako usisikie kitu. Mguu wa kulia ulikuwa umefumba. Nilipofungua makucha nikakuta panya mdogo wa shambani, naye amekufa, manyoya yake bado yana umande.

Kwa hiyo alikuwa ameshapata chakula chake. Alikuwa anaondoka.

Nilichora alama ya chaki kwenye taruma, nikaandika saa na namba ya nguzo iliyo karibu, nikamwacha pale pale kwa makusudi. Kesho yake nilirudi saa ileile. Chaki ipo, bundi hayupo. Hata unyoya mmoja haukubaki. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nasimulia nusu ya habari.

Nieleze kwanza nilipoanzia. Baba yangu alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Kila asubuhi alitembea kipande chake akiwa na nyundo na spana, akigonga, akisikiliza, akikaza palipolegea. Nilipokuwa mdogo alinichukua siku za likizo, na kwa kuwa sikuwa na kazi ya kufanya, nilitazama ndege. Baba hakujua majina yao, ila alijua wanakokaa: yule wa kwenye kalavati, yule wa kwenye nguzo ya kona, wale wanaotoka chini ya majani ukipita. Reli ile inakatiza mashamba makubwa, ngano upande mmoja na mahindi upande wa pili, na mimi bado natembea pembeni yake nikiwa na darubini na daftari. Mara mbili kwa mwezi naruhusiwa kwenda na gengi la matengenezo ndani ya uzio. Siku nyingine zote nafuata njia ya matrekta kwa nje, na ninamsihi yeyote anayesoma hapa afanye hivyo hivyo. Reli si mahali pa kutembea peke yako.

Kwa muda mrefu nilimwambia kila mtu kwamba reli ni rafiki wa ndege wa mashambani, na sikuwa nasema uongo. Simama katikati ya ngano nusu saa. Utamsikia kipozamataza mmoja akipanda juu huku anaimba, njiwa wawili watapita wakienda kwingine, basi. Kisha njoo usimame kwenye ukanda ulio kati ya shamba na kokoto, upana wake hauzidi mita kumi na tano, na ukurasa wa daftari utajaa kabla chai ya kwenye chupa haijapoa.

Sababu yake haina fumbo. Shamba la kisasa limelimwa hadi ukingoni. Vichaka vilivyogawa shamba na shamba vimeng'olewa ili mashine kubwa igeuke bila kusumbuka, vidimbwi vimefukiwa, mbegu zimepakwa dawa. Ukanda wa reli haukuguswa na jembe tangu tuta lilipojengwa. Pale pana miba, mashina makavu, mchanga ulio wazi ambao nyuki wa ardhini huchimba viota, mawe yanayopata joto mapema kuliko udongo wa shambani. Mwaka 2014 watafiti wa Poland walichapisha kazi waliyoifanya kwenye matuta ya reli yaliyo katikati ya mashamba, wakakuta nyuki na vipepeo wa aina nyingi zaidi kuliko kwenye mbuga za nyasi walizolinganisha nazo. Na penye wadudu, ndege atafuata.

Ukikumbuka hali ya ndege hawa kwa jumla, utaelewa kwa nini ukanda mwembamba kiasi hicho una thamani. Ulaya, ndege wa mashambani walipungua kwa zaidi ya nusu kati ya 1980 na 2016, na watafiti waliofuatilia mporomoko huo wameutaja ukulima wa dawa na mbolea nyingi kuwa kisababishi kikuu. Marekani na Kanada, ndege wa nyikani na malishoni nao wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 1970. Hizi ni spishi za kawaida kabisa, zile ambazo babu zetu hawakuona haja ya kuzihesabu.

Ndege niliyemjua zaidi pale ni mbwigu. Jozi moja ilikaa kwenye mti wa miba karibu na kalavati miaka minne mfululizo, au angalau niliamini ni jozi ileile. Siku moja nilikaa chini mita kama ishirini kutoka kwa dume, nikamtazama akifanya kazi. Alikuwa juu ya waya wa uzio, mkia unachezacheza. Akashuka kwenye kokoto, akanyakua panzi wa kijani, akarudi. Hakumla. Alimburuta kando ya waya hadi kwenye mwiba wa seng'enge, akamvuta kwa nguvu mara tatu hadi mwiba ukatokeza mgongoni, kisha akarudi nyuma hatua moja kumkagua, kichwa kimeinama upande. Kwenye waya huo palikuwa na akiba nyingine: mende wawili wa samadi, na mjusi mdogo aliyekauka kama kamba. Treni ya abiria ikaja. Mbwigu alibana manyoya, akainama kuelekea upepo, mabehewa sita yakapita mita nane kutoka mdomoni mwake, akajikung'uta, akaendelea. Nilirudi nyumbani nikaandika kwamba ndege wamezoea treni.

Mbwigu alizoea. Sikujiuliza kuhusu wale ambao hawakuwapo.

Aliyenifungua masikio ni tombo. Tombo dume hukaa ndani ya ngano na kuita kwa silabi tatu fupi zenye mdundo, tena na tena, jioni hadi usiku. Humwoni. Unamhesabu kwa sauti. Nilianza kusimama sehemu mbili kila jioni, moja karibu na reli na nyingine nusu kilomita ndani ya shamba lilelile, ngano ileile, siku ileile. Karibu na reli niliwasikia wachache kila mara. Mwanzoni nilidhani ni masikio yangu, kwa sababu treni ya mizigo ilikuwa inanifunika. Nikabadili utaratibu, nikahesabu dakika za ukimya tu. Bado walikuwa wachache.

Uholanzi waliligundua jambo hili kwa vipimo vizuri kuliko daftari langu. Watafiti walipima kelele za treni kwenye malisho yenye maji, ambako ndege kadhaa hutaga chini kwenye nyasi, wakaona kwamba ndege hao, kipozamataza akiwemo, huanza kupungua kelele ya wastani inapofika desibeli 40 na kitu. Hiyo si kelele kubwa. Ni kama watu wanaozungumza kwa sauti ya chini chumba cha pili. Ila wastani unaficha sura yenyewe ya kelele ya treni. Barabara kuu inanguruma mfululizo. Reli ni kimya, kimya, kimya, halafu dakika moja na nusu ya kishindo, halafu kimya tena. Ndege wa mchana wanaweza kuimba kwenye mapengo hayo, na nimewasikia wakifanya hivyo: tombo ananyamaza injini inapokaribia, behewa la mwisho linapita, unahesabu hadi kumi, anaanza upya. Lakini mapengo yanategemea ratiba. Kwenye njia yetu treni za mizigo huongezeka usiku na alfajiri, saa zilezile ambazo ndege huzihitaji zaidi kuitana.

Na bundi? Mpelekee bundi mweupe panya kwenye chumba cheusi kabisa, atamkamata kwa masikio peke yake. Majaribio ya mwanabiolojia Roger Payne huko Marekani yalithibitisha hilo zamani. Sikio lake moja limekaa juu kidogo kuliko lenzake, na uso ule wa moyo ni kama ungo unaokusanya sauti. Mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha kwamba bundi wa porini hushindwa kugundua mawindo kadiri kelele ya magari inavyopanda. Sasa mfikirie bundi wangu: anawinda kwenye ukanda wenye panya wengi kuliko shamba zima, kwa sababu ndiko nyasi ndefu zilikobaki, na kila treni inapopita anakuwa kiziwi kwa dakika mbili. Anachotegemea kuishi ndicho kinachozimwa, na ni wakati huohuo ambao anatakiwa kusikia hatari.

Kuna habari njema hapa na sipendi kuipita. Sehemu kubwa ya kelele ya treni ya kawaida hutoka pale gurudumu linapogusana na reli. Breki za chuma zinazobana uso wa gurudumu hulikwaruza, na gurudumu lenye makwaruzo hupiga makelele hata likiwa halifungi breki. Ukibadilisha vibao vya breki ukaweka vya mchanganyiko usiokwaruza, kelele hushuka kwa takriban desibeli 10, na sikio la binadamu huisikia kama imepungua nusu. Uswisi ilipiga marufuku mabehewa ya mizigo yenye breki za aina ya zamani mwaka 2020. Walifanya hivyo ili watu walale. Lakini shamba lililo kando ya njia hiyo nalo limetulia.

Turudi kwa wanaokufa. Nilipogundua kwamba bundi alitoweka kwa siku moja, nilitaka kujua kama ilikuwa bahati. Nilipata vifaranga kumi waliokufa wenyewe kwenye banda la kutotoleshea mayai, nikaomba gengi waniwekee kando ya kokoto jioni, kila mmoja na alama yake. Kesho yake alfajiri walibaki watatu. Nilimwona kunguru akiondoka na wa nne. Wale kunguru wanajua ratiba kuliko mimi: wanakaa kwenye nguzo, treni inapita, wanashuka kukagua. Kwa hiyo ukitembea saa nne asubuhi ukasema hukuona ndege aliyekufa, umeona kazi ya kunguru.

Msimamizi wa gengi, mzee mmoja mpole ambaye aliwahi kufanya kazi na baba, alinisikiliza siku nzima nikimweleza haya. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi tunaokota wakubwa tu. Wadogo wanaondoka na kichwa cha treni." Alinipeleka kwenye karakana kunionyesha. Kwenye wavu wa mbele wa injini, kati ya wadudu waliopondeka na mafuta, palikuwa na manyoya ya njiwa, ya shomoro, na moja la kahawia lenye mistari ambalo nilikaa nalo jioni nzima na sikuweza kulitambua.

Hispania waliweka kamera kwenye chumba cha dereva wa treni ya mwendo kasi inayopita nchi ya mashamba, wakaona ndege walivyo wengi ndani ya njia yenyewe, na kwamba baadhi yao huwa wametua kwenye nguzo na vyuma vya njia hiyo. Nguzo ni mahali pazuri pa kuwinda penye mashamba yasiyo na miti. Tatizo ni muda. Treni ya kilomita 160 kwa saa hula mita 44 kila sekunde. Kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2015, ambapo ndege walionyeshwa video ya gari likiwajia kwa mwendo mbalimbali: waliamua kuruka wakitazama umbali, mwendo hawakuujali. Gari lilipozidi kilomita 120 hivi kwa saa, uamuzi huo ulichelewa. Ndege anayengoja hadi hatari ifike mita thelathini anaponea mbele ya ng'ombe, mbwa, trekta, hata gari la mizigo. Mbele ya treni ile amebakiwa na chini ya sekunde moja.

Umeme wenyewe unaua kwa namna nyingine, na huchagua wakubwa. Shomoro akikaa juu ya waya wa volti 25,000 hapati kitu, maana umeme hauna pa kupitia. Korongo mwenye mabawa ya mita mbili akitua kwenye nguzo anaweza kugusa waya kwa bawa huku miguu iko kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi. Kofia ya plastiki juu ya kikombe cha nguzo, kile kinachotenga waya na chuma, au kikombe kirefu zaidi, inaweza kumwokoa. Kazi hiyo ni nafuu zaidi ikifanywa siku nguzo inaposimamishwa.

Na kuna chambo. Nafaka ikidondoka kwenye mabehewa, njiwa huja kuokota kati ya reli, na kipanga huja kwa njiwa. Mnyama akigongwa, walao mizoga huja. Ujerumani, tai wa mkia mweupe ambao walirudi baada ya kukaribia kutoweka hufa kwa wingi kwa kugongwa na treni, mara nyingi wakiwa wanakula wanyama waliogongwa kabla yao. Tangu nilipolielewa hilo, gengi letu likikuta mzoga huuvuta kando, mbali na kokoto, nje ya uzio ikiwezekana. Dakika tano za kazi.

Lakini kilichoniuma kuliko vyote hakikuwa treni. Mwaka mmoja, katikati ya msimu wa kutaga, mashine ya kufyeka ilipita ukanda mzima pande zote mbili kwa siku moja, kuanzia kokoto hadi uzio. Sina ubishi na kufyeka. Nyasi kavu hushika moto, dereva lazima aone taa za ishara, matawi hayatakiwi karibu na nyaya. Ila siku ile nilitembea nyuma ya mashine nikakuta mayai ya tombo yamepondwa kwenye vishina, maganda ya rangi ya maziwa yenye madoa ya kahawia, na mti wa mbwigu umekatwa usawa wa goti. Jike alikuwa juu ya waya na kiwavi mdomoni. Alikaa nacho hivyo kwa zaidi ya saa nzima. Aliruka hadi pale mti ulipokuwa, akarudi kwenye waya, akaruka tena. Niliandika barua mbili kwa waliohusika. Sikujibiwa.

Aliyejibu ni yule mzee. Hakuwa na mamlaka juu ya bajeti, lakini mpangilio wa kipande chake ulikuwa mikononi mwake. Tulikaa chini na karatasi. Nilitaka nyasi ziachwe zote. Yeye alitaka kukata zote. Tulipobishana vya kutosha ndipo lilipojitokeza jambo ambalo kwa miaka yote ya kuhesabu sikuwa nimeliwaza: hoja ni nyasi ndefu ziko upande gani wa ukanda. Panya wakiishi jirani na kokoto, bundi atawinda jirani na kokoto. Basi mita tatu za kwanza kutoka kwenye kokoto zifyekwe fupi, mara kwa mara, kuanzia kabla ndege hawajaanza kujenga, ili asitage mtu pale wala panya asipate maficho. Zinazobaki hadi uzio ziachwe mpaka makinda yaondoke, na hata baada ya hapo zikatwe upande mmoja mwaka huu, wa pili mwaka ujao. Vichaka vya miba virudishwe kwenye uzio wenyewe, vikue virefu, ili ndege anayevuka kutoka shamba hadi shamba alazimike kupanda juu kabla hajafika kwenye njia. Na dawa ya magugu isipulizwe nje ya kokoto. Reli za Ufaransa na Ujerumani zimeacha glifosati miaka ya karibuni, kwa hiyo tulijua kwamba njia inaweza kutunzwa bila dawa hiyo.

Huu ni msimu wa tatu. Sitatoa asilimia, kipande ni kifupi na kunguru bado wananitangulia siku nyingine. Nitasema nilichokiona. Tombo bado ni wachache karibu na reli. Nyasi haziwezi kuzuia kelele. Mbwigu wamerudi, jozi mbili sasa, na kichaka cha kwenye uzio kimefika juu ya kichwa changu.

Jioni ya Jumanne iliyopita nilisimama kwenye njia ya matrekta jua likiwa limeshazama. Bundi mweupe alitokea upande wa kalavati, akaja akifuata uzio, chini kabisa, kichwa kimeelekea kwenye nyasi. Alining'inia hewani mara mbili, akatumbukia mara moja, akainuka na kitu makuchani. Taa ya treni ya mizigo ilikuwa imeshatokeza mwisho wa njia. Aligeuka kuelekea reli, nikashika pumzi. Alipofika kwenye kichaka cha miba alipanda, akapanda tena, akavuka juu ya nyaya na kupotelea upande wa mahindi. Nikaandika saa, nikangoja mabehewa yaishe kupita.